Kamera ya Video ya Nyumbani: Nilivyochagua kwa Masikio

Desemba 2022 tulikutana nyumbani kwetu karibu na Khayega, Kakamega, kwa ajili ya kumbukumbu ya babu. Wapiga isukuti, ngoma ya jadi ya kwetu, walifika saa nne asubuhi wakiwa na ngoma zao tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala ikitangulia. Nilirekodi kwa simu nikiwa nimesimama juu ya benchi kwa karibu saa nzima, mkono ukiniuma. Jioni tuliunganisha simu na televisheni, watoto wakakaa chini, wazee wakapewa viti. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu vifungo vya shati la mpiga ngoma. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayerarua mabati. Mwimbaji kiongozi alionekana akifungua na kufunga kinywa, lakini wimbo wenyewe, ambao ndani yake mna majina ya watu wa ukoo wetu waliotangulia, haukusikika hata mstari mmoja. Nyanya alitazama kwa utulivu, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona umechukua midomo yetu ukaacha maneno?"

Nilitumia miezi kadhaa baada ya hapo kutafuta kamera ya video ya nyumbani, na swali la nyanya ndilo lililokuwa kipimo changu. Ninaandika haya kwa sababu walimu wenzangu watatu wameniuliza wanunue kamera gani, na kila mmoja alianza kwa kuuliza habari za picha: ni ya 4K au siyo, ina pikseli ngapi, yaani nukta zinazoijenga picha, inavuta mbali kiasi gani. Hakuna aliyeuliza kuhusu sauti. Mimi nashikilia kwamba anayenunua kamera ya kurekodi jamaa zake aanze na sauti, kisha aangalie jinsi kamera inavyoziona nyuso za watu wake, kisha aulize rekodi hizo zitafunguliwa na nani baada ya miaka ishirini. Wingi wa pikseli uje mwisho.

Niiondolee simu lawama kwanza. Simu za siku hizi zinarekodi picha nzuri kuliko kamera nyingi za video zilizouzwa miaka kumi iliyopita, na mtu anayetaka dakika mbili za mtoto akizima mishumaa ya keki hahitaji kusoma zaidi ya hapa. Shida yangu ilikuwa ya shughuli ndefu. Simu hupata joto juani, hujaa, na mtu akikupigia katikati ya maombi ya askofu, rekodi inaweza kukatika. Tena maikrofoni yake, ambayo kazi yake ya kwanza ni kusikia mdomo ulio karibu, haipendi ngoma.

Kuna pia wale wanaoshauri kununua kamera ya picha za kawaida, ile ya kubadilisha lenzi, na kuitumia kwa video. Ni ushauri mzuri kwa anayefanya biashara ya harusi, lakini mnunuzi wa mitumba achunge jambo moja. Kamera nyingi za namna hiyo zilizotengenezwa katika miaka iliyopita hujizima zikifikisha dakika 29 na sekunde 59. Si hitilafu. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru mkubwa zaidi kwa kifaa kinachoweza kurekodi mfululizo kwa dakika 30 au zaidi, kwa kuwa kilihesabiwa kuwa kamera ya video, na watengenezaji wakaona ni afadhali kukatisha rekodi sekunde moja kabla. Matoleo mengi mapya hayana mpaka huo, ila yale ya zamani bado yamejaa madukani. Kwetu dakika 30 hazitoshi hata kumaliza utangulizi wa mazungumzo ya mahari, kwani wajomba huwa bado wanajuliana hali.

Basi nikaenda Oginga Odinga Street hapa Kisumu, kwenye duka moja la vifaa vya elektroniki ambako nilikuta kijana niliyemfundisha Kiswahili kidato cha pili. Alinipokea kwa heshima zote. "Mwalimu, chukua hii," akasema, akinionyesha sanduku lenye namba kubwa nyekundu. "Inavuta mara mia tatu hamsini." Nilimwomba aivute mpaka mwisho, aielekeze kwenye kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Kilichotokea kwenye skrini ni rundo la vigae vya rangi, mithili ya sakafu iliyomwagiwa rangi za kuta. Hapo tukazungumza kama mwalimu na mwanafunzi, ingawa safari hii yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya meza.

Kuvuta picha kuko kwa namna mbili. Kuna kule kwa lenzi, ambako vioo vilivyo ndani ya kamera husogea na kukileta kitu karibu bila kupunguza chochote, na kuna kule kwa hesabu, ambako kamera hukata kipande cha katikati cha picha na kukitanua. Namba ile kubwa kwenye sanduku ilikuwa ya hesabu, na ya lenzi iliandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Kwa shughuli za nyumbani, lenzi inayovuta mara 20 inatosha kabisa kumleta mhubiri karibu hata ukiwa umekaa safu ya mwisho ya hema. Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni upande wa pili, yaani lenzi inapokuwa haijavuta inaona upana gani. Jiko la nyanya lina upana wa hatua nne. Kamera ambayo upana wake unaanzia milimita 40, kwa kipimo kile cha kulinganisha kinachoandikwa kwenye karatasi ya sifa (namba ikiwa ndogo, lenzi inaona upana zaidi), itakupa pua na jicho moja, nawe huna pa kurudi nyuma kwa kuwa mgongo umeshagusa ukuta. Tafuta inayoanzia karibu na milimita 28 au chini ya hapo.

Sasa tuingie kwenye sauti, na hapa nitakaa.

Kamera nyingi za bei nafuu huamua zenyewe kiwango cha sauti. Mahali pakiwa kimya, zinapandisha uwezo wa maikrofoni hadi zinasikia hata nzi. Kelele ikizuka ghafla, zinaukandamiza. Kwa mazungumzo ya kawaida mtindo huu unafaa, lakini kwa isukuti ni msiba, kwa sababu kila ngoma kubwa inapopigwa kamera inashtuka na kujishusha, na kabla haijapanda tena ngoma imepigwa mara ya pili. Sauti ya mwimbaji, iliyo katikati ya mapigo, ndiyo inayozama. Juu ya hayo, ngoma ikiwa karibu sana, sauti huzidi kiasi ambacho kifaa kinaweza kupokea, vilele vya mawimbi yake vinakatwa, na kilichokatwa hakirudishwi na programu yoyote ya kompyuta. Ule mraruko wa mabati tuliousikia ulitokana na hayo.

UNESCO iliingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya wa Kakamega, mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ninapofikiri kwamba wengi wetu tunairekodi kwa vifaa vinavyoikata ulimi, natamani kila mwenye simu kule nyumbani ajue angalau kusogea hatua kumi nyuma ya ngoma kubwa na kumkaribia mwimbaji.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokitafuta kwenye kila kamera kilikuwa tundu la maikrofoni ya nje. Ni tundu dogo la milimita 3.5, na kamera nyingi za chini hazina, hata zile zenye jina kubwa na picha nzuri. Cha pili kilikuwa tundu la hedifoni, kwa sababu kurekodi sauti bila kuisikiliza ni sawa na kupika ukiwa umefungwa macho: utagundua chumvi mezani. Cha tatu kilikuwa uwezo wa kuweka kiwango cha sauti kwa mkono, pamoja na vile vipimo vya kijani vinavyopanda na kushuka kwenye skrini. Kanuni ninayoifuata ni kuviacha vilele vifike karibu na alama ya desibeli 12 chini ya sifuri, ambako sauti huanza kukatwa, nikibakiza nafasi kwa ajili ya vigelegele, kwa kuwa shangazi zangu hawatoi taarifa kabla ya kupiga.

Nilijifunza jambo dogo kwa kupoteza pesa. Nilinunua maikrofoni ya kubana kwenye nguo, nikaichomeka kwenye kamera niliyokuwa nimeazima, nikapata kimya kikavu. Nilidhani imeharibika. Kumbe ilikuwa ya simu. Ukiitazama plagi yake kwa makini utaona mistari mitatu myeusi inayoizunguka, ilhali plagi ya maikrofoni ya kamera ina mistari miwili. Mguso wa ziada kwenye plagi ya simu hukutana na sehemu isiyo yake ndani ya tundu la kamera, na sauti inapotea au inakuja hafifu. Kipande cha kuunganishia kinapatikana kwa bei ya chakula cha mchana, lakini ni lazima ujue unatafuta nini.

Halafu kuna upepo. Anayeishi Kisumu anaujua ule unaotoka ziwani mchana jua likishakuwa kali. Kwa ngozi ni baraka, kwa maikrofoni ni ngurumo. Nilifanya jaribio ufukoni Dunga, nikirekodi rafiki yangu akisoma kichwa cha habari cha gazeti, kwanza kwa maikrofoni iliyo wazi, kisha iliyovikwa sponji, kisha iliyovikwa ule mfuko wa manyoya unaofanana na panya buku. Sponji ilisaidia kidogo. Manyoya yalifanya upepo uwe kama haupo. Kamera iliyokuwa na kitufe cha kupunguza upepo bila kifuniko chochote ilinyamazisha ngurumo kwa kukata sauti zote nzito, na rafiki yangu, mtu mzima mwenye sauti ya besi, akasikika kama mvulana anayeongea kutoka ndani ya mtungi.

Kwa mvua juu ya mabati sina dawa ya kuuza. Anayetoka Kakamega anajua kwamba mvua ya alasiri haibishi hodi, na ikishaanza hata watu wawili waliokaa benchi moja hawasikilizani. Maikrofoni iliyobanwa kifuani, upana wa kiganja kutoka kidevuni, itakuokolea maneno mengi, lakini si yote. Mimi siku hizi hurekodi wazee asubuhi.

Baada ya masikio nilianza kupima macho, na hapo nilimtumia yule kijana wa dukani. Nilimwomba asimame mlangoni, barabara yenye jua ikiwa nyuma yake. Kamera inapojiamulia mwangaza, hutazama picha nzima na kujaribu kuifanya iwe ya wastani. Ikiona anga jeupe, au hema jeupe, au ukuta uliopakwa chokaa, hujifunga ili kupunguza weupe huo, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake hugeuka kivuli chenye meno. Video nyingi za mazishi na harusi zetu zina kasoro hiyo, na tumeizoea kiasi kwamba tunawatambua jamaa zetu kwa mavazi. Kamera mbili kati ya nne nilizojaribu zilimfanya kijana wa watu aonekane kama mlango wa pango. Nyingine mbili ziliniruhusu kugusa uso wake kwenye skrini, na mwangaza ukapimwa kwa uso huo. Barabara ikawa nyeupe kupita kiasi, lakini yeye akaonekana, pamoja na kovu lake dogo juu ya nyusi. Barabara tunaijua ilivyo, kwa hiyo ninaridhika ipotee. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja na halina gharama, na muuza duka anayelikataa amekujibu.

Upande wa mwanga hafifu, usiamini namba yoyote iliyoandikwa kwenye sanduku. Omba taa za duka zizimwe upande mmoja, au ingia na kamera kwenye chumba cha nyuma wanakoweka maboksi, urekodi nusu dakika, kisha uitazame picha kwenye televisheni, maana kwenye kiskrini cha kamera kila kitu hupendeza. Kihisi kikubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, husaidia, na lenzi inayofunguka sana pia.

Lipo tatizo jingine ambalo lilinichanganya kwa wiki mbili. Binamu yangu anayeishi Marekani aliniletea kamera yake ya zamani, nzuri, imetunzwa. Nje ilifanya kazi bila lawama. Ndani ya ukumbi wa kanisa wenye taa ndefu za mirija, picha ilikuwa ikipumua: inang'aa, inafifia, inang'aa. Chaja haikuwa na kosa, kwa kuwa ilikubali umeme kuanzia volti 100 hadi 240. Kosa lilikuwa katika kasi. Stima yetu ni ya volti 240 inayokwenda mizunguko 50 kwa sekunde, na taa zile huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Ya Marekani ni mizunguko 60, na kamera za huko hupangwa kurekodi fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video, 30 au 60 kwa sekunde ili zioane nayo. Kila fremu ya kamera ya binamu ilikuwa ikiikuta taa katika hali tofauti. Nilipofungua mpangilio wa mkono na kuweka kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, kuwa 1/100 ya sekunde, ile pumzi ilikoma. Hivyo anayeletewa kamera kutoka ng'ambo ahakikishe moja kati ya mambo mawili: kwamba inaweza kubadilishwa kurekodi fremu 25 au 50, au kwamba shata yake inaweza kuwekwa kwa mkono. Kamera ya binamu haikuwa na tundu la maikrofoni, kwa hiyo niliirudisha kwa shukrani.

Kuhusu 4K sitasema mengi. Ni picha ya pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080, na ukiwa na televisheni kubwa utaiona tofauti. Lakini piga hesabu ya kuihifadhi. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Inayorekodi 1080 kwa megabiti 28 inakula chini kidogo ya gigabaiti 13. Kadi ya gigabaiti 64 itakupa dakika 85 za ile ya kwanza na kama saa tano za ile ya pili. Kumbukumbu ya babu ilianza saa nne asubuhi na ilipofika saa kumi na moja jioni watu walikuwa bado wanaimba. Aliye na pesa za diski na kompyuta yenye nguvu achukue 4K kwa moyo mweupe. Mimi nilizipeleka pesa hizo kwenye maikrofoni.

Kadi zenyewe zina hila. Kwa 4K tafuta iliyoandikwa V30 au U3, maana yake inaweza kuandika angalau megabaiti 30 kila sekunde bila kuchoka. Kwa 1080 iliyoandikwa Class 10 inatosha. Hila iko kwenye zile za bei ya kutupa, zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 128 ilhali ndani zina 8. Kadi ya namna hiyo haikatai kurekodi. Inapokea kila kitu, inaonyesha orodha ya mafaili, kisha ukifika nyumbani unakuta mafaili ya mwisho hayafunguki. Iko programu ya bure iitwayo H2testw ambayo huijaza kadi yote na kuisoma tena, na kadi ya uongo huumbuka hapo hapo. Kadi ninayoinunua hailali kwangu bila kupitia jaribio hilo. Betri nazo, nunua mbili, na kama kamera inaweza kuchajiwa kwa waya wa USB huku ikirekodi, hiyo ni neema siku stima inapopotea, kwa kuwa pawabenki ya simu itaibeba.

Nilitaja miaka ishirini, na sababu yake ni kanda moja. Baba mdogo alikuwa na kamera ya Video8 katika miaka ya tisini, aina iliyoingia sokoni mwaka 1985 ikitumia kanda ndogo za upana wa milimita 8, na alirekodi harusi ya wazazi wangu waliporudi kubariki ndoa kanisani. Kamera ilikufa zamani. Kanda ilibaki kwenye kabati, ndani ya pakiti ya unga wa ugali, kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Kanda za namna hiyo haziingii kwenye deki za VHS, na hata deki zenyewe hazitengenezwi tena, kwa kuwa kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Niliulizia Kisumu nikachoka. Mwishowe nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Nakuru anayerekodi harusi, ambaye hakuitupa mashine hata moja tangu aanze kazi. Aliifungua kanda yangu kwa bisibisi ndogo, akaimulika kwa tochi, akanionyesha ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe. "Hii imekaa na unyevu," akasema. "Nitaisafisha, lakini usinidai yote." Alipata dakika kumi na moja. Katika hizo, sekunde kama arobaini ni babu akiongea, akisema jambo kuhusu ng'ombe, na watu wakicheka.

Kwa hiyo ninapotazama kamera siku hizi ninauliza inaandika faili la namna gani. Nyingi hutoa chaguo mbili. Ile ya AVCHD, iliyoanza mwaka 2006, huvigawa vipande vya rekodi ndani ya mabunda, yaani folda, yaliyopachikana kama maganda ya kitunguu, na ukinakili bunda moja ukaacha mengine unaweza kupoteza mpangilio wa rekodi ndefu. Ile ya MP4 ni faili la kawaida ambalo hata simu ya mtoto wa shule inalifungua. Nachukua MP4. Rekodi ikishatoka kwenye kadi inakaa kwenye diski mbili, moja kwangu Kisumu, nyingine kwa dada yangu Eldoret, na hatuzichomeki zote kwenye kompyuta moja siku moja.

Yule mzee wa Nakuru ndiye aliyeniuzia kamera. Alikuwa anahamia vifaa vikubwa na akataka kuachana na moja aliyoitumia kama ya akiba: inarekodi 1080, inavuta mara 20 kwa lenzi, ina tundu la maikrofoni na la hedifoni, kiwango cha sauti kinawekwa kwa mkono, na fremu ni 50. Nilikuwa nimeweka kando shilingi elfu 60, na kamera pamoja na maikrofoni, manyoya, kadi na betri ya pili havikuzimaliza. Kabla ya kulipa niliifunika lenzi na kurekodi giza kwa dakika moja ili nione kama kuna nukta mbovu zinazowaka. Nikachomeka na kuchezesha waya kwenye kila tundu huku nikisikiliza mikwaruzo. Nikaiweka betri juu ya meza ya kioo na kuizungusha kwa kidole, kwa sababu betri iliyoanza kuvimba huzunguka kama pia ya mtoto, na nzima hukwama. Haikuzunguka. Udhaifu wake naujua: gizani picha yake ina chenga, na kituliza picha chake hakitoshi ukitembea nayo, hivyo ninatumia tripodi au ninakaa.

Aprili nilipanda matatu mapema, Kiboswa, Majengo, Chavakali, nikawa Khayega kabla ya saa tatu. Nyanya alikuwa jikoni akichambua mboga za likhubi. Nilimwomba ruhusa, akakubali kwa sharti kwamba asiache kazi yake. Nikaibana maikrofoni kwenye ukingo wa leso yake, nikauficha waya chini ya mkunjo, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, hedifoni masikioni. Nilikuwa nikisikia jani likitenganishwa na bua. Nilimwuliza kuhusu wimbo ule wa Desemba, na majina yaliyomo. Alianza kwa kuimba kidogo kidogo, kisha akaeleza jina baada ya jina, nani alikuwa mtoto wa nani, nani alihamia ng'ambo ya mto gani, kwa dakika arobaini na mbili, na vipimo vya sauti vilikuwa vikicheza pale pale nilipovitaka.

Alipomaliza nilimvua maikrofoni, nikamvisha hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikarudisha rekodi mwanzo. Alishtuka kidogo, kisha akatulia, mikono ikiwa imeacha mboga kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alisikiliza kwa muda mrefu huku akiitikia mwenyewe kwa kichwa. Ghafla akainua kidole. "Simamisha hapo," akasema. "Huyo mtoto wa pili nimemtaja kwa jina la kaka yake. Washa tena tuanze."